Mwasumini umejaa majani, maua hakuna: niung'oe?

Swali la msomaji: "Shikamoo bibi. Ninakaa Kigamboni, kiwanja chetu hakiko mbali na bahari. Nilitaka kichaka kifupi cha maua yanayonukia, kisizidi kiuno, pembeni ya baraza tunapokaa jioni. Nikanunua mche wa asumini barabarani, nikaupanda kando ya ukuta. Sasa una miaka miwili. Umetoa kamba ndefu zinazopanda mpaka kwenye nondo za dirisha, majani ya juu ni ya manjano, na maua niliyoyaona hayafiki kumi. Shemeji alinipa urea nikatia, kamba zikazidi. Jirani ananiambia nimwage majivu na nifukie misumari yenye kutu. Mama mkwe anasema afadhali niung'oe, maana harufu ya asumini usiku inaita nyoka. Niung'oe nipande kitu kingine, au bado una dawa?"

Marahaba, mwanangu. Usiung'oe. Mmea uliovumilia miaka miwili kwenye mchanga wa Kigamboni, umebanwa na ukuta, una roho ngumu, na unastahili angalau msimu mmoja wa kutunzwa inavyopasa. Nimeishi na miasumini zaidi ya miaka thelathini, kwanza uani kwa mama yangu Unguja, kisha kwenye kitalu changu, na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Karibu kila mara nakuta kisa kilekile: mwenye mmea anauonea huruma, anaogopa kuukata.

Mwasumini hauweki maua kwenye tawi lililokomaa. Ua hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya, na kwenye vitawi vifupi vinavyochomoza kwapani mwa majani ya chipukizi hilo. Nenda kauangalie wako. Shika ufito mmoja ulioning'inia dirishani, ushuke nao kwa mkono mpaka chini. Utapita mita nzima au zaidi bila kukuta kitawi cha pembeni, gome limekuwa kahawia na gumu, na majani yenye uhai utayakuta juu kabisa, jozi mbili tatu. Hapo juu ndipo pekee ua linapoweza kutoka. Ufito mzima una ncha moja. Sasa tazama kwenye fundo lolote la ufito: majani ya asumini hutoka mawili mawili yakitazamana, na nyuma ya kila jani, au pale jani lilipokuwa, pana jicho dogo limelala. Ukikata juu kidogo ya fundo, macho yote mawili yanaamka. Ncha moja imezaa mbili. Zikishakua ukazikata nazo, unapata nne. Ufupi unaoutaka na maua unayoyataka vinatoka kwenye mkato huohuo mmoja, ndiyo maana mwenye kuogopa mkasi hukosa vyote viwili.

Wanaoilima asumini kwa biashara hawana huruma kabisa. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako asumini ya Madurai ilisajiliwa mwaka 2013 kwa jina la mahali inakotoka, mashamba hupogolewa kila mwaka mwishoni mwa Novemba. Kichaka kinashushwa mpaka kama sentimita 50 kutoka ardhini. Ukipita siku hiyo utadhani shamba limeingiliwa na mbuzi. Machi maua yanaanza kuja, na hapo watu wanachuma kila siku kwa miezi. Ni mmea uleule wetu, Jasminum sambac, ambao kwao ni Asia ya Kusini. Huku pwani ulikuja na vyombo vya pepo za msimu, ukakaa mpaka ukawa wa nyumbani.

Lakini kabla hujashika mkasi, hakikisha ulichonunua ni asumini kweli, kwa sababu miche ya barabarani inauzwa kwa majina ya kila namna. Vunja jani moja. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini hata ukiwa na ua jeupe namna gani. Mwasumini hauna maziwa. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliuziwa miche kumi ya aina hiyo yenye maziwa, nikaitunza mwaka mzima nikiisubiri inukie. Iliumiza. Halafu tazama jani lenyewe. La asumini ni moja, la mviringo mrefu kidogo, linang'aa, na mishipa yake imezama kama mikunjo ya nguo. Ukikuta kikonyo kimoja kimebeba vijani vitatu, cha katikati kikubwa kuliko wenzake, basi una mwafu, ile asumini ya mwituni ya huku kwetu. Ua lake linanukia vizuri, lakini maumbile yake ni kutambaa na kupanda juu ya wenzake, na hata ukiukata kila mwezi hautatulia kuwa kichaka cha kiunoni. Huo upe uzio wa waya uutambae, kisha utafute mche mwingine kwa ajili ya baraza.

Kwa yale uliyonieleza, kamba zako zinaweza kuwa za mwafu au za mwasumini uliolishwa urea. Jani ndilo litakaloamua.

Kama ni mwasumini, jua pia kwamba una aina zaidi ya moja. Kuna wenye ua la petali za mviringo zilizopangwa duara moja, ambao vitalu vya nje huuita 'Maid of Orleans'. Huu ndio mwepesi kutoa maua, na ukipogolewa hukaa kichaka kizuri kisichofika mita moja na nusu. Kuna mwingine wenye ua lililojaa petali kama waridi dogo, 'Grand Duke of Tuscany'. Huo matawi yake ni mazito na yamesimama, hukua polepole, na mara nyingi majani yake hutoka matatu matatu kwenye fundo moja. Usiuchanganye na mwafu: hapa kila jani lina kikonyo chake mwenyewe. Watu hupenda huu wa pili kwa sababu ua ni kubwa, na sina neno juu ya uzuri wake, lakini kwa mtu anayetaka harufu barazani kila jioni mimi humpa wa kwanza bila kusita.

Sasa hayo majani ya manjano, maana ndiyo yanayonifanya nisikwambie ukate leo. Mmea mgonjwa ukikatwa sana hauna akiba ya kuchipua. Uutibu kwanza, uone kijani, ndipo ukate.

Umesema manjano iko juu, kwenye majani machanga. Chukua jani moja la juu ulitazame dhidi ya mwanga. Kama mishipa bado ni ya kijani na nyama ya katikati ndiyo imepauka, mfano wa wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano, mmea umekosa madini ya chuma. Si kwamba chuma hakimo ardhini. Ardhi ya pwani yetu ina matumbawe yaliyosagika na kombe, yaani chokaa, na ukuta wako nao unaongeza: mafundi walipojenga walimwaga saruji na vifusi palepale kwenye msingi, wakafunika mchanga juu. Chimba kidogo utavikuta. Kwenye udongo wa chokaa chuma hufungika, mizizi inakaa juu yake bila kuweza kukinywa. Ndiyo sababu misumari ya jirani haitakusaidia. Kutu ni chuma kilichofungika tayari, unafukia tatizo juu ya tatizo. Na majivu ndiyo usiyaguse kabisa. Majivu yanafaa kwenye ardhi yenye uchachu, huko milimani. Kwako yatauzidishia udongo ukali uleule unaoukausha mmea. Jirani ana nia njema, mshukuru, majivu mpelekee mwenye kuku wayaogee.

Kinachofaa ni hiki. Nenda duka la pembejeo uulize mbolea ya chuma, na usome kwenye pakiti imefungwa kwa kitu gani. EDDHA na EDTA ni majina ya dawa zinazokishika chuma ili chokaa kisikidake. Ya EDDHA ndiyo inayostahimili udongo wa chokaa, hiyo unaikoroga kwenye maji na kumwaga shinani kwa kipimo cha pakiti. Ukiikosa, ya EDTA hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini usiimwage ardhini, chokaa kitaivunja. Nyunyizia majani asubuhi mapema au jua likishapoa, kila baada ya wiki mbili, mara tatu. Majani yaliyokwishapauka yanaweza yasirudi vizuri, usiyasikitikie. Angalia yanayochipua baada ya hapo. Yakija ya kijani, umefika.

Hukuniambia unamwagilia maji gani, na kwenu hilo ni swali kubwa kuliko mbolea. Visima vingi vya karibu na bahari maji yake yana chumvi. Yaonje. Kama ulimi unaisikia chumvi, mwasumini unaisikia zaidi. Dalili yake ni tofauti na ile ya chuma: ukingo wa jani unaungua, unakuwa kahawia na mkavu kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na huanzia majani ya chini. Kinga maji ya mvua kadiri unavyoweza, hata ndoo za chini ya paa zinatosha kwa mmea mmoja. Siku unazolazimika kutumia ya kisima, usinyunyize kidogo kidogo kila jioni, kwa sababu hivyo maji yanapotea hewani na chumvi inabaki. Mwagia kwa wingi mara moja mpaka yashuke chini ya mizizi, kisha acha siku mbili tatu. Chomeka kidole: ukikuta pakavu mpaka kiungo cha kwanza, mwagia tena. Na usiyamwage juu ya majani.

Halafu uhamishe. Hapo ukutani hapakufai, kwa chokaa na kwa joto linalorudishwa na saruji mchana. Usogeze kiasi cha hatua moja kubwa kutoka ukutani, na uchague upande unaopata jua la moja kwa moja saa sita hivi kwa siku. Kivuli cha mwembe hakitoshi. Utapata majani mapana mazuri na kamba zilezile. Ngoja mwanzo wa mvua, za vuli au za masika. Wiki tatu kabla, zungushia beleshi duara la futi moja kutoka shinani, ukilizamisha wima, ili mizizi mirefu ikatike na mipya midogo ianze kutoka karibu na shina. Siku ya kuhama uung'oe pamoja na bonge lake la udongo kwenye gunia, usiupukute.

Shimo liwe na upana wa sentimita 60, kina 45. Ondoa kila jiwe la matumbawe na kipande cha tofali unachokikuta. Mchanga uliotoka changanya na samadi iliyooza vizuri mpaka haina harufu, kiasi cha theluthi moja, pamoja na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yaloweke kwanza siku mbili kwenye maji baridi, uyamwage, urudie, kwa sababu mengi yamelazwa kwenye maji ya bahari na yana chumvi yake. Mmea ukae juu kidogo ya usawa wa ardhi, kama uko kwenye kichuguu kipana cha vidole vinne, kwa kuwa masika ya Dar es Salaam maji husimama hata kwenye mchanga, na mwasumini ukilowa miguu wiki nzima mizizi inaoza. Tandaza majani makavu juu, yasiguse shina.

Ukishaona machipukizi mapya ya kijani, huo ndio wakati wa mkasi. Kwa pwani ya Tanzania napenda mwisho wa Agosti, baridi ya kipupwe inapoanza kuachia, ili mmea uchipue na joto linapopanda na uwe tayari vuli ikiingia. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, uufute kwa spiriti. Anza kwa kutoa vilivyokufa na vinavyosuguana katikati. Kisha chagua mashina matano hadi saba yenye nguvu yaliyotawanyika vizuri, mengine yatoe chini kabisa. Hayo uliyobakiza yakate kwa urefu wa goti lako, kila moja juu kidogo ya fundo, usiache kisiki kirefu kitakachokauka. Nasua zile kamba dirishani uzikate, usizibakize hata moja kwa sababu eti ina majani mazuri. Ukibakiza moja, nguvu yote itakimbilia huko na hayo mengine yatalala.

Wiki ya kwanza mmea utaonekana mkiwa. Vumilia. Baada ya wiki mbili tatu utaona ncha nyekundu-kijani zinatoka kwenye mafundo. Zikifika jozi tatu za majani, zibane kwa kucha mara moja, ile nchani tu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kwa upande wa pili, na nilikosea nami. Mwaka mmoja nilijipa bidii, kila nikipita nabana, nabana, nikapata kichaka kimejaa kama mpira, mviringo mzuri ajabu, bila ua. Kila ukibana unamrudisha mtoto darasa la kwanza: chipukizi lile lilikuwa linajiandaa kuweka tumba, umelikata, linaanza upya. Bana mara moja, kisha uache. Kwa joto la kwenu, tangu kukata mpaka maua hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili.

Maua yakija yatakuja kwa wimbi. Kila ncha huwa na matumba matatu, la katikati linatangulia kufunguka na mawili ya pembeni yanafuata siku zinazofuata. Wimbi likiisha, usingoje tena Agosti: vile vitawi vilivyotoa maua vifupishe ubakize jozi mbili za majani. Huo ni mkato mdogo, wa dakika kumi, na ndio unaoleta wimbi linalofuata. Kiuno chako kiwe ndio kipimo, kichaka kikikaribia hapo kikate. Ukifanya hivi, miezi yote ya joto hutakosa ua, na kipupwe kitapunguza tu.

Urea iache. Shemeji aliona majani ya manjano akadhani ni njaa, na kwa mahindi angekuwa sawa, lakini urea ni chakula cha majani, na mwasumini ukishibishwa chakula hicho hukimbia tu juu. Samadi iliyooza, nusu ndoo mara mbili kwa mwaka, inatosha kwa mmea mmoja. Ukitaka kuongeza ya dukani, chagua iliyolingana, NPK 17:17:17, yaani yenye virutubisho vitatu vikuu kwa kiasi sawa, kijiko cha chakula kimoja kilichotawanywa mbali na shina kila baada ya kukata, kisha umwagie maji. Si zaidi.

Wadudu sitakaa nao sana. Ukiona pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata, na mara nyingi sisimizi ndio wanaowalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na uzibe njia ya sisimizi. Majani yakipauka kwa madoa madogo na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, ni utitiri, hupenda vumbi na ukavu. Hapo mwaga maji ya mvua kwa nguvu chini ya majani asubuhi mara mbili tatu kwa wiki. Tumba lenye tundu lina kiwavi ndani. Lichume ulichome, usilitupe chini ya mti. Mafuta ya mwarobaini yanafaa kwa hao wote, jioni, lakini si siku utakayochuma maua ya kuvaa.

Maana naamini utachuma. Chuma alasiri, jua likianza kulegea. Tumba litakalofunguka usiku huo unalijua kwa macho: limenenepa, limekuwa jeupe lote, hakuna tena kijani nchani. Lile lenye kijani likichumwa leo halitafunguka vizuri, liache la kesho. Yaweke kwenye bakuli chini ya kitambaa kibichi. Magharibi yatakuwa yameanza kulegeza petali, na ikifika isha chumba kizima kimepata habari. Harufu ya asumini hutoka ua linapofunguka, wala haimo kwenye tumba. Wachina wanaotia chai yao harufu ya asumini hii hii hufanya vivyo: matumba yanachumwa mchana, usiku yanachanganywa na majani ya chai yafungukie humo ndani. Na mama zetu Lamu, Mombasa na Unguja hutunga vikuba alasiri, asumini pamoja na rehani na vipande vya mkadi, ili vifunguke vikiwa tayari vimebanwa kwenye nywele au kwenye nguo. Ua moja lina usiku mmoja. Asubuhi limegeuka rangi, limeanguka. Kwa hiyo usiogope kwamba kuchuma kunaumaliza mti, lisingebaki.

Kuhusu nyoka, msikilize mama mkwe kwa heshima, kwa sababu jambo aliloliona huenda ni la kweli ingawa sababu si harufu. Nyoka hafuati ua. Wanaokuja kwa harufu ya usiku ni nondo, wale wadudu kama vipepeo wanaoruka usiku. Lakini kichaka kisichokatwa miaka, kimejifunga chini na majani yamerundikana, ni nyumba ya panya na mijusi, na nyoka huja kula hao. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na kichaka cha namna hiyo karibu na mlango. Wewe cha kwako kiache wazi chini: toa kila kitawi kilicho chini ya shubiri moja na nusu kutoka ardhini, ili ukisimama barazani uone ardhi ng'ambo ya mashina. Ufagio uweze kupita. Mwoneshe mama mkwe hilo, nadhani ataridhika.

Kama bado ungependa kitu kingine cha kukiongeza, si cha kuchukua nafasi ya huu, tafuta mlangilangi wa aina fupi, ule unaokaa kichaka, maua yake ya kijani-manjano yanayoning'inia hunukia hata mchana. Ukibahatika kupata mche wa mkilua, uchukue bila kuuliza bei mara mbili. Ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wataalamu wa mimea wamelichukua jina letu wakauita Mkilua fragrans, hukua polepole, na hupenda kivuli cha miti, kwa hiyo utafaa upande ule wa ua usio na jua.

Yale matawi utakayoyakata Agosti usiyatupe. Chagua yaliyo katikati, si mabichi ya kijani kabisa wala makavu ya kahawia, ukate vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na mafundo matatu. Ondoa majani ya chini, yale ya juu yakate nusu yasikaushe kipande. Chomeka mafundo mawili kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, usiwe wa bahari, kwenye kopo lenye tundu, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini, mchanga uwe na unyevu usiolowa. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo kwa vidole viwili: kinachokataa kuja kimeshika mizizi. Weka vipande kumi, kwa sababu vingine vitaoza, na vitakavyopona uvipande kwa mstari mmoja mbele ya baraza, sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine.